Insulini ya muda mrefu ya bayosimila: iingie kliniki za umma, au tubaki na hii tuliyoizoea?

Mleta mada:

Wakuu, salaam. Nina binti wa miaka 13 mwenye kisukari aina ya kwanza, huu ni mwaka wa sita. Naomba tujadili: kliniki za umma zianze kutoa insulini ya muda mrefu ya bayosimila (yaani iliyotengenezwa na kampuni nyingine ifanane na ile ya kwanza), au tuendelee na ile ya kawaida? Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Zianze, na zianze na watoto.

Kwa wasioifahamu, insulini ambayo wengi tunapewa kliniki ni NPH, au mchanganyiko wa 30/70 (sehemu 30 ya muda mfupi, 70 NPH). Ni nyeupe kama maji ya mchele, unaiviringisha kwenye viganja kabla ya kuivuta, na usipoiviringisha vizuri leo unapata kali, kesho hafifu. Ukishachoma, nguvu yake inapanda mpaka kilele baada ya saa 4 hadi 10 hivi, ndipo inaanza kushuka. Mtoto aliyechomwa saa mbili usiku, kilele kinamkuta kwenye usingizi mzito.

Mwaka juzi niliamka usiku nikasikia kitanda cha binti kinatikisika. Kufika, fulana imelowa jasho chapachapa, meno yanagongana, namwita ananitazama kama hanijui. Kipimo cha sukari kikasoma 2.3, imeshuka vibaya. Mama yake akawa anampaka asali ndani ya shavu, mimi nakoroga maji ya sukari na mkono unatetemeka mpaka nusu imemwagika sakafuni. Tulipompima tena ilikuwa 4.1, akaomba chai. Tangu siku hiyo mke wangu aliweka alamu ya saa nane usiku, kila usiku.

Daktari akatushauri glajini, ndiyo insulini ya muda mrefu ninayoisema. Hiyo ni maji maangavu, imetengenezwa na asidi kidogo, na ikiingia chini ya ngozi inakuwa vichembe vinavyoyeyuka polepole. Ndiyo maana inakaa karibu saa 24 bila kilele kikali. Ya kwanza, Lantus, iliidhinishwa mwaka 2000 na ilikuwa ghali kwetu. Hataza (haki ya kampuni kutengeneza peke yake) zilipoanza kuisha, wengine wakaruhusiwa kutengeneza ya kufanana nayo: Abasaglar ilipita Ulaya mwaka 2014, Semglee mwaka 2018. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani likaingiza insulini hizi za muda mrefu, pamoja na bayosimila zake, kwenye orodha ya dawa muhimu.

Nakiri jambo moja. Mara ya kwanza duka la dawa waliponipa boksi la jina lingine, nililirudisha. Nilisema wananiuzia feki, nikaongeza hela nikachukua ile ya jina. Miezi minne nililipa zaidi kwa sababu ya woga tu.

Mfamasia, Mwanza:

Mkuu, kuuliza hukukosea, na mwenye duka alipaswa kukueleza kabla hujakasirika. Naomba nieleze hapa maana swali hili napata kila wiki.

Panadoli na parasetamoli nyingine ni molekuli ndogo, kiwanda chochote makini kinaitoa ile ile. Insulini ni protini, inatengenezwa na bakteria au hamira waliowekewa jeni. Viumbe hai havifanani asilimia mia kati ya kiwanda na kiwanda, kwa hiyo hatusemi "nakala", tunasema inafanana. Na kufanana huko kunathibitishwa kwa wagonjwa: je, sukari inadhibitiwa sawa, inashuka kupita kiasi mara ngapi, mwili unaikataa? Ile iliyokuja kuwa Semglee iliwekwa kwenye jaribio ambalo wagonjwa walihamishwa kwenda na kurudi kati yake na Lantus, haikuonekana tofauti ya maana. Mwaka 2021 Marekani ikaruhusu mfamasia aibadilishe bila kumrudisha mgonjwa kwa daktari. Ilikuwa bayosimila ya kwanza kupewa ruhusa hiyo kule.

Yuniti zinabaki zile zile. Ila angalieni nguvu iliyoandikwa: ya yuniti 100 kwa mililita si sawa na ya yuniti 300. Na glajini haichanganywi kwenye sirinji moja na insulini nyingine, hata kama mlizoea kuchanganya zile za zamani.

Nesi, kliniki ya kisukari ya wilaya:

Kaka yangu, pole kwa usiku ule. Lakini mimi napinga, na sipingi kwa kuwa nakuonea wivu binti yako.

Jumatano ninakaa na benchi lililojaa watu, karibu wote wana aina ya pili. Mwaka 2018 ulitoka utafiti wa Marekani uliofuatilia zaidi ya wagonjwa 25,000 wa aina ya pili walioanza insulini. Waliopewa hizi za muda mrefu hawakupungukiwa safari za dharura kwa sukari kushuka kuliko waliopewa NPH. Sasa niambie, hela ya ziada itoke wapi na inanunua nini? Mwaka huo huo watafiti walikadiria gharama za uzalishaji, wakasema insulini ya binadamu (hizi za zamani, kama NPH) ingeweza kuuzwa isizidi dola 72 kwa mwaka kwa mgonjwa, bayosimila za hizi mpya zisizidi dola 133. Ni rahisi kuliko tunavyouziwa, sawa, lakini bado ni karibu mara mbili.

Mimi nina mgonjwa anayepima sukari mara moja kwa mwezi, siku ya kliniki, kwa sababu stripu hana. Huyo ukimpa insulini ya Ulaya au ya mwezini, anachoma gizani. Ninunulieni stripu kwanza.

Mama, Mombasa:

Hamjambo wanangu. Mie nina aina ya pili na nachoma glajini. Sina neno na hiyo dawa mpya. Nina neno na namna ilivyoletwa.

Hospitali walinipa katriji za jina lingine, hakuna aliyefungua mdomo. Nimefika nyumbani, kalamu yangu haizikubali. Nikarudi, wakanipa kalamu mpya. Na ile ya zamani ilikuwa na dawa bado, nikadhani ni dawa mbili mbalimbali. Nikachoma hii asubuhi, hii usiku, yuniti 18 na 18. Siku ya pili nimeanguka jikoni na mwiko mkononi, mjukuu ndiye alonikuta. Kumbe ni glajini tupu, zote mbili! Basi leteni, lakini mtu aambiwe kwa mdomo: hii yachukua nafasi ya ile.

Mleta mada:

Shikamoo mama, na pole sana. Hilo la kwako sikuwa nimelifikiria na naliongeza kwenye ombi langu: mgonjwa asibadilishiwe bila kuelezwa, na kalamu itoke pamoja na katriji yake.

Dada nesi, kwa aina ya pili nakukubalia. Wengi wao NPH inawatosha, na anayeshuka usiku mara kwa mara ndiye ahamishwe. Lakini watoto wetu karibu hawana kabisa insulini yao wenyewe. Na NPH inadai chakula kwa saa. Binti yangu akichomwa asubuhi, mchana lazima ale, awe na njaa au hana, shule ipike au isipike. Nani kati yetu anaweza kuahidi chakula cha mchana cha kila siku kwenye shule zetu?

Pia usidhani hii ya zamani ina uhakika wa kuendelea kuwepo. Kampuni tatu, Novo Nordisk, Sanofi na Eli Lilly, zinashika zaidi ya asilimia 90 ya soko la insulini duniani. Mwaka 2024 Afrika Kusini ilibaki bila kalamu za insulini ya binadamu katika hospitali za umma baada ya mkataba na Novo Nordisk kwisha na kampuni kutoomba tena. Watu wakarudishwa kwenye chupa na sirinji. Wagunduzi wa dawa hii kule Toronto waliuza hataza yao mwaka 1923 kwa dola moja moja ili isimshinde mtu, halafu sisi miaka mia baadaye tunasubiri kampuni tatu ziamue. Watengenezaji wa bayosimila wakiwa wengi, Bohari ya Dawa inakuwa na wa kumgeukia.

Dada, kliniki kwako wa aina ya kwanza wapo wangapi?

Nesi, kliniki ya kisukari ya wilaya:

Wapo 11. Nawajua kwa majina, na wawili nimewahi kuwapokea usiku wamebebwa mgongoni. Kwa hao 11 sina ubishi na wewe, waletewe. Ila stripu ziwe ndani ya boksi hilo hilo, la sivyo mimi silisainii.