Mjadala: Wateja wa CTC Nyanda za Juu Kusini wapimwe jeni za kinga?

Mleta mada, Makambako
Takwimu za THIS 2022–2023, utafiti wa kitaifa wa VVU, ziko wazi: maambukizi ya VVU kwa watu wazima nchini ni 4.4%, lakini Njombe ni 12.7%, Iringa 11.1%, Mbeya 9.6%. Napendekeza kila anayeandikishwa CTC (kliniki ya huduma na tiba ya VVU) katika mikoa hii mitatu atolewe damu ya kipimo cha jeni, mara moja tu maishani. Kinga zetu hazifanani. Wapo ambao CCR5 yao, jeni ya mlango ambao VVU hupitia kuingia kwenye seli, imekatika, kirusi hakipati mlango. Wapo wenye HLA-B*57, aina mojawapo ya jeni ya kinga HLA-B, kirusi kinaingia lakini hakitambi. Tukiwajua, hao wacheleweshewe dawa na nguvu zielekezwe kwa wengine. Anayepinga apinge kwa hoja.

Pipeti, Mbeya mjini
Mkuu, kutafuta CCR5 iliyokatika Njombe ni kuvua papa Ziwa Ngozi. Ukato huo wa herufi 32 za DNA ni wa Ulaya, hasa kaskazini: huko takriban nakala 1 kati ya 10 za jeni hiyo imekatika, na wenye nakala zote mbili zilizokatika ni kama mtu 1 kati ya 100. Kwa Waafrika wasiochanganya damu na Wazungu karibu haupo kabisa.

Kipimo chenyewe hakina mbwembwe. Mililita 2 za damu kwenye kichupa cha kifuniko cha zambarau, chenye EDTA ya kuzuia damu isigande (ukikosea ukachukua cha kijani, heparini yake itazima PCR), toa DNA, endesha PCR, yaani kuinakili mara nyingi, pitisha kwenye jeli ya agarosi ya 3% inayotenganisha vipande kwa urefu. Kwa praima (vipande vifupi vya kuanzishia PCR) zilizozoeleka, nakala nzima inasimama kwenye herufi 189, iliyokatika kwenye 157. Hapa kwetu utaona 189 peke yake, mgonjwa wa kwanza hadi wa elfu. Na usipoweka pembeni sampuli yenye ukato unaoujua, hutajua kama ukato haupo au maabara yako haiuoni.

Hata mwenye nakala mbili zilizokatika si chuma. Kirusi kinachopitia CXCR4, mlango mwingine wa seli, kinamwingia.

Daktari wa watoto, Iringa
Kamwene. Hilo la kuchelewesha dawa lifutwe kabla mgonjwa hajalisoma. Nchi inafuata pima na tibu: ukikutwa na VVU unaanza dawa, CD4 (idadi ya seli za kinga) iwe ngapi. HLA-B*57 kweli husaidia. Hushika vipande vya Gag, protini ya kirusi, na kuvionyesha kwa seli za CD8 zinazoua seli zilizoambukizwa. Kirusi kikijibadilisha kukwepa, kwa mfano badiliko la T242N, kasi yake ya kuzaliana hupungua. Lakini wenye jeni hiyo wengi bado huugua, na kirusi kikishajirekebisha sehemu nyingine hurudisha kasi. Hakuna CTC inayoweza kumwambia mtu "wewe subiri" kwa sababu ya herufi za HLA.

Mleta mada, Makambako
Nimekubali kwenye kuchelewesha. Ila B*57 si inapimika kwa bei nafuu? Kuna alama moja kwenye jeni ya HCP5 inayosafiri nayo. Unapima herufi moja badala ya kusoma jeni nzima.

Pipeti, Mbeya mjini
Hapo ndipo vipimo vya kuazima vinapotuangusha. Alama hiyo, rs2395029, inasafiri na B*57:01, aina ya Wazungu. Aina ya kinga inayoonekana zaidi Afrika ni B*57:03, na hiyo haiji na alama hiyo. Utapata majibu "hana" kwa mtu aliye nayo. Njia ya uhakika ni kusoma eksoni (sehemu za jeni zenye maelekezo ya protini) ya 2 na ya 3 za HLA-B, na hapo unafuu umeisha.

Daktari wa watoto, Iringa
Ila B*57:01 tusiitupe haraka, maana inatugusa kwa mlango mwingine. Watoto wengi wanatumia abakaviri, dawa ya VVU, na mwenye B*57:01 ndiye yuko hatarini kupata mzio wake: homa, vipele, kutapika, kwa kawaida ndani ya wiki 6. Akiachishwa kisha akarudishiwa anaweza kufa. "Waafrika hawana" ni kauli ya mkato. Kwenye sampuli za kulinganisha zilizochapishwa, Wayoruba walikuwa 0%, Waluhya 3.3%, Wamasai wa Kenya 13.6%. Wafugaji wa Kimasai wako Usangu, si mbali na hapo Mbeya.

Takwimu, Iringa
Sampuli zile zilikuwa ndogo, Daktari, asilimia 13.6 ina ukingo mpana wa makosa. Naongeza onyo la jeni ya CCL3L1. Mwaka 2005 ilidaiwa kwamba wenye nakala nyingi za jeni hiyo wanakingwa na VVU. Kuhesabu nakala kwa qPCR, PCR inayopima kiasi cha DNA, kuna kasoro: tofauti ya 2 na 3 huonekana, ya 6 na 7 humezwa na kelele za mashine, na DNA iliyotolewa kwa njia mbili tofauti huweza kutoa hesabu tofauti. Baadaye makundi mengine hayakuiona kinga hiyo. Tukikimbilia CTC, tutagawa majibu ya namna hiyo.

Kwa utafiti nipo nawe, mleta mada. Mwaka 2023 ilichapishwa kazi ya watu karibu 4,000 wenye asili ya Afrika, ikaonyesha eneo karibu na jeni ya CHD1L, kromosomu ya 1, linalohusiana na wingi mdogo wa virusi. Eneo hilo halikuonekana kwa Wazungu kwa sababu tofauti hizo kwao hazipo. Vitu vya namna hiyo vitapatikana huku au visipatikane.

Wakili, Njombe
Sasa ridhaa. Mtaani "DNA" maana yake ni "mtoto ni wa nani". Mama akisikia neno hilo CTC, atasaini kwa hofu au atapotea. Na si hofu tupu: HLA ya baba, mama na mtoto zikiwekwa pamoja zinaweza kufichua hilo. Kuna Sheria ya Udhibiti wa Vinasaba vya Binadamu ya 2009 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Sampuli ya utafiti inahitaji kibali cha maadili cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, na ikitoka nje, mkataba wa kuhamisha sampuli. Fomu iseme waziwazi: uzazi hautapimwa, majibu ya familia hayatalinganishwa.

Mleta mada, Makambako
Nafuta "kila anayeandikishwa". Nabaki na mawili: B*57:01 kwa watoto kabla ya abakaviri pale kipimo kinapopatikana, na utafiti wa hiari. Swali: nani atalipa gari la baridi la kubebea damu kutoka Ludewa?

Pipeti, Mbeya mjini
Halihitajiki. Matone 5 kwenye karatasi ya damu kavu, kila duara lijae hadi upande wa pili, usiongeze tone juu ya tone. Ikauke kivulini kwa saa 4, kisha bahasha na pakiti ya silika. Makete wakati wa ukungu iachwe usiku kucha; ikifungwa na unyevu inaota ukungu, na DNA inakatikakatika.

Daktari wa watoto, Iringa
Na mtoto wa kupewa abakaviri asisubiri majibu ya karatasi hiyo. Aanze dawa, mzazi aelezwe dalili za mzio, aonwe tena baada ya wiki 2.