Madereva mnaochati mkiwa kwenye usukani, mnatuendesha au mnatuzika?

Wakuu, leo sina lugha ya kubembeleza. Dereva wa basi kaegemeza simu kwenye usukani, kidole gumba kinapandisha video moja baada ya nyingine, anacheka peke yake. Gari limejaa watu. Kijana mmoja akamwambia, "Kaka, hiyo simu," akajibiwa, "Nimeanza kuendesha wewe hujazaliwa." Na sisi wengine kimya! Mama mmoja nyuma yangu eti anasema tumwache, asije akakasirika. Akakasirika?

Uzoefu gani huo wa kuendesha bila kuangalia mbele? Gari likiwa kwenye kilomita 80 kwa saa linakula mita 22 kila sekunde. Soma meseji sekunde 5 tu: umeshakata mita 111, uwanja mzima wa mpira kutoka goli hadi goli, hujui kuna nini mbele. Na hapo mguu bado haujagusa breki.

Halafu kuna wale wajanja wa hedifoni. "Mimi sishiki simu, naongea tu." Shirika la Afya Duniani limeshasema dereva anayetumia simu anakaribia mara 4 ya hatari ya kupata ajali, na kwamba kuongea bila kuishika hakuna nafuu ya maana. Mikono iko kwenye usukani, sawa, ila akili imehama. Mtu anagombana na mwenzake huko hewani, macho yako barabarani, taa nyekundu haioni. Abiria aliyekaa pembeni yako akiona hatari atanyamaza, au atapiga kelele. Wa kwenye simu haoni kitu, anakudai jibu tu.

Watengeneza magari nao sijawasahau. Kitufe cha feni zamani ulikipapasa ukakipata bila kuangalia. Leo kila kitu wamekitia kwenye skrini, kupunguza baridi tu mpaka ufungue menyu.

Na msije hapa na ile ya "bosi akipiga lazima nipokee." Paki pembeni, pokea. Na nyie mabosi mnaojua kabisa mtu yuko barabarani, asipopokea mnapiga tena na tena mpaka apokee, uzi huu unawahusu pia. Njooni mjitetee.