Injinia Anayejua Kiingereza Kuliko Zege

Wakuu, ninaandika nikiwa bado nimekalia ndoo ya rangi hapa saiti, Goba, mikono imejaa saruji na hasira haijashuka. Jina sitalitaja kwa sababu hakuna haja: yeyote aliyewahi kujenga upande huu anamfahamu yule injinia wa kofia nyeupe isiyojua vumbi, ambaye hushuka garini taratibu kama mgeni rasmi na kukagua nguzo kabla ya kusalimia watu.

Leo, mbele ya saidia fundi wote, mbele ya mama mwenye nyumba na mbele ya mama lishe ambaye bado ananidai, ameniambia: "Neno la herufi tatu tu limekushinda, ghorofa utaliweza?"

Kisa chenyewe ni kifupi. Tulikuwa tumemaliza kumwaga zege la kibaraza, tukahamia kwenye nguzo ya pembeni, tukafunga mbao na kupiga timazi hadi ikasimama wima. Akaja huku anaongea na simu, akanyoosha kidole upande wetu, akauliza, "Set?" Nami, nikiwa nimeshika uzi wa timazi, nikajibu kwamba tayari, kwa kuwa hapa saiti sote, yeye akiwamo, husema kuseti nguzo na kuseti msingi. Kumbe mwenzangu anauliza kama zege la kibaraza limeshika! Hakusubiri neno la pili. Alikanyaga kwa kile kiatu chake cheusi chenye ncha inayoweza kufungulia soda, mguu ukazama hadi kwenye kamba, na alipouvuta ulitoka na soksi peke yake.

Ndipo akasema herufi tatu. Herufi tatu, amesimama kwa mguu mmoja, ameshika bega la saidia fundi wangu!

Sasa nauliza, ni nani asiyeshindwa na neno hilo? Kamusi kubwa ya Kiingereza ya Oxford, toleo la pili la mwaka 1989, imelipa maana zipatazo 430, na maelezo yake yanafikia maneno 60,000 hivi. Kwetu zege hushika, jua hutua, mtego hutegwa, mtihani hutungwa, meza huandikwa na mfupa uliovunjika huungwa, kila kazi na kitenzi chake, ilhali Mwingereza yote hayo amelitwisha neno moja, na bado lawama inamfikia fundi wa Goba. Halafu mtu anahesabu herufi. Angehesabu maana!

MAJIBU

Binti wa Tegeta: Pole sana, mleta mada, lakini umeandika aya zote hizi bila kutueleza kama kiatu kilitolewa au ndiyo kimekuwa sehemu ya jengo.

Mzee wa Kokoto: Naomba kuongeza kwamba kushika si kukomaa. Zege linaweza kushika ndani ya saa chache, lakini nguvu yake kwa kawaida huhukumiwa kwa kipimo cha siku ya 28, kwa hiyo injinia anayepima zege bichi kwa kiatu alihitaji kuulizwa alisomea wapi.

Mstaafu wa Chaki: Ndugu yangu, umechelewa, kwa sababu "set" limekwishapitwa. Mhariri wa kamusi hiyohiyo, Peter Gilliver, alitumia miezi 9 kulishughulikia neno "run", akafikisha maana 645 za kitenzi peke yake. Nalo, kwa taarifa yako, ni la herufi tatu.

Mleta mada: Herufi tatu tena, hata humu?

Karani wa Posta: Hilo "run" ndilo lililoniponza mimi. Bosi aliniandikia kwa Kiingereza maneno yenye "run" na ripoti ndani yake, nikapanda ngazi mbio hadi ghorofa ya sita, lifti ikiwa mbovu, kumbe alitaka nimdokezee tu kwa simu kilichomo. Fundi, wewe ulitukanwa ukiwa na pumzi.

Mpangaji wa Kimara: Injinia huyo namfahamu vizuri. Ndiye aliyetuchorea choo ambacho mlango wake unafungukia mezani.

Mama Wawili: Wenzangu mna nafuu. Fundi wangu wa vigae kule Mbezi aliniagiza seti nzima, nikanunua vigae vya sebule yote, kumbe kwake seti ni pamoja na gundi, grauti, chakula cha mchana na nauli ya bajaji, na alipomaliza kupokea hayo yote akaaga kwamba anakwenda kufuata mashine ya kukatia.

Mpangaji wa Kimara: Dada, kama ni yule anayebeba mashine ya kukatia kwenye mfuko wa mchele, namtafuta tangu mwaka jana. Tafadhali niandikie faraghani.