Bi harusi ataka gauni kama la Balenciaga, mama yake ataka mawe. Nishone vipi?

MkasiNaChaki (Kibokoni, Mombasa)

Assalaam aleikum wapenzi wa nguo. Nashona na shangazi yangu hapa Mji wa Kale, mwaka wa sita huu. Kazi yetu kubwa ni mabuibui, nguo za kesha na magauni ya kupamba. Nina jambo linaninyima usingizi. Nitaandika kirefu, mnistahimili.

Kuna binti wa mtaani kwetu anaolewa baada ya Idi Kubwa. Juzi alinijia na picha kwenye simu, akaniambia, "Nishonee hili. Hili tu." Kuitazama, mkono ulinitetemeka. Ni gauni la harusi alilolitoa Cristóbal Balenciaga mwaka 1967, na picha hiyohiyo ninayo ukutani juu ya cherehani, imekaa hapo mwaka wa nne.

Ambao hamjaliona: ni jeupe la maziwa, halina shanga, halina lesi, halina ua hata moja. Mishono yake inahesabika. Kitambaa kimesimama chenyewe, kimeuacha mwili ukae ndani yake kwa nafasi. Kichwani, badala ya shela, kuna kofia kubwa ya kitambaa kilekile inayofunika nywele zote. Mara ya kwanza kuliona nilidhani ni mtu wa kwetu kalishona, kwa stara ile. Mtu huwezi kuondoa macho, na ukiulizwa unatazama nini hasa, huna la kuonyesha kwa kidole.

Niwaambie kwa nini nampenda mtu huyu. Alizaliwa mwaka 1895 Getaria, kijiji cha wavuvi upande wa kaskazini wa Uhispania. Babake alikuwa mtu wa bahari, mamake mshonaji, na baba alipofariki nyumba iliendeshwa na sindano ya mama. Mtoto alijifunza akiwa miguuni pa mamake. Baadaye alifungua duka San Sebastián, na vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoingia nchini mwake akahamia Paris, akafungua huko mwaka 1937. Pale Paris wengi walikuwa wakichora tu na mafundi ndio wanaotekeleza. Yeye alichora, alikata, alishona, vyote kwa mkono wake. Na mikono ya nguo ndiyo iliyokuwa ugonjwa wake. Nguo imekwisha, imependeza, yeye aona mkono haukukaa sawa begani, aufumua. Shangazi yangu yuko hivyohivyo. Ameshawahi kufumua buibui la mteja usiku wa manane kwa sababu ya kwapa, na mteja mwenyewe asingelijua.

Sasa matatizo yangu.

La kwanza, mama wa bi harusi ndiye mlipaji, naye ataka mawe kuanzia kifuani mpaka pindoni. Amesema gauni lisilong'aa ukumbini watu watasema ameishiwa.

La pili ndilo linalonichoma zaidi. Nikilinakili hili gauni, si nitakuwa nimemwibia mtu ninayemheshimu? Madeleine Vionnet, yule bibi wa Paris aliyetufundisha wote kukata mshazari, alichoka na wanaomwiga mpaka akawa anaweka alama ya dole gumba lake kwenye lebo ya kila nguo. Nikifikiria lile dole gumba naona haya.

La tatu ni kitambaa. Lile gauni ni la gazar, hariri ngumu aliyotengenezewa mwaka 1958 na Gustav Zumsteg wa Zürich. Nimeizunguka Biashara Street yote, sikuiona.

Nipeni ushauri.

FundiBondeni

Waaleikum salaam mwanangu. Mimi ni mshona kanzu, miaka thelathini na kitu. Hao watu wa Paris siwajui kama unavyowajua, lakini picha nimeiangalia vizuri.

Kwanza hesabu. Vitambaa vya Biashara Street huja upana wa inchi 45 au 60. Gauni refu lenye duara chini kama hilo, ukitaka mishono michache hivyo, kitambaa hakitakufikisha. Utaunga tu. Swali ni utaunga wapi.

Kanzu imelijibu swali hilo kabla hatujazaliwa. Badani mbele, badani nyuma, halafu taharizi ubavuni zinazopanuka kushuka chini. Kikwapa chini ya mkono ili mtu ainue mkono bila nguo nzima kupanda. Ukitia taharizi, gauni litasimama kwa duara na mshono utajificha kwenye mkunjo wake. Hilo halimo kwenye picha yako. Ni lako.

Halafu usikiguse kitambaa chenyewe kabla hujalikata lote kwa amerikani. Ni kitambaa rahisi. Kosea humo mpaka ushibe.

Hesabu_Kwanza

Dada, mimi nina duka la nguo Kongowea, nitakwambia la biashara. Usianze kukata kabla mama na binti hawajakaa pamoja mbele yako wakakubaliana neno moja, na arbuni imeshikwa mkononi. Nimeona mafundi wakibaki na magauni kwa sababu binti alisema hivi na mama akasema vile. Mwenye kulipa ndiye atakayekudai siku ya mwisho. Kama mama anataka mawe, weka mawe. Jina lako linajengwa na mteja aliyetoka ameridhika, si na picha iliyo ukutani.

NiliishiLondon

Nakubaliana nawe kwenye arbuni, mawe hapana. Ukiweka mawe kwenye umbo lile utakuwa umepoteza vyote viwili. Uzito utakivuta kitambaa chini, kitaanguka, na kusimama kwake ndiko uzuri wenyewe.

Mwaka 2017 jumba la makumbusho la Victoria and Albert, kule London, lilifanya maonyesho ya Balenciaga, nikaenda mara mbili. Walikuwa wamezipiga baadhi ya nguo eksirei kama zinavyopigwa mifupa hospitalini, ukaona yaliyofichwa ndani. Nilisimama pale mpaka miguu ikaniuma. Kwa nje nguo ni tulivu kabisa, na ndani kazi imejaa. MkasiNaChaki, ukilitazama gauni lile usidanganyike na urahisi wake. Gauni lenye mawe likikosewa, jiwe hufunika. Lako hilo halina pa kujificha.

Kuhusu wizi: historia yenyewe haiko upande mmoja. Nyumba kubwa za mitindo za Paris zilikuwa zikiuza vielelezo vya nguo zao kwa maduka ya Marekani, pamoja na ruhusa ya kunakili. Aliyelipa alinakili kihalali. Waliochukiwa ni wale walioingia kwenye maonyesho, wakakariri, wakaenda kushona kimyakimya. Balenciaga na rafiki yake Givenchy, mbunifu mwenzake, walifikia hatua ya kuwazuia waandishi wa habari wasizione nguo mpya mpaka wiki kadhaa zipite baada ya wanunuzi. Kwa hiyo haya unayoiona ina msingi. Lakini kumshonea binti mmoja wa Kibokoni gauni moja, miaka zaidi ya hamsini baadaye, bila kuandika jina la Balenciaga wala kulitangaza kuwa lake, mimi siiti wizi.

BintiTanga

Dada yangu, umenigusa. Wangu mimi ni Azzedine Alaïa. Mzaliwa wa Tunis, alisomea uchongaji wa sanamu, akaenda Paris akaanza kwa kuwashonea wateja mmojammoja. Mpaka alipofariki mwaka 2017 alikuwa akikata mwenyewe usiku, na nguo zake alizionyesha zikiwa tayari, kalenda ya Paris iseme isemavyo.

Ninachotaka kukwambia ni hiki: Alaïa alikusanya nguo za Balenciaga na za Vionnet kwa wingi. Alizisoma mshono kwa mshono. Halafu tazama nguo zake mwenyewe. Balenciaga aliuachia mwili nafasi, Alaïa aliushika kama ngozi ya pili. Kajifunza kwa mwalimu akatoka na sauti yake. Fanya hivyo.

Mkereketwa_Likoni

Nina swali, nalo silileti kwa ubaya. Kwa nini tuhangaike na Getaria na Paris? Sisi hapa tuna leso, tuna kofia za vito zinazotobolewa kwa mkono miezi, tuna kazija, ule urembo wa uzi wa kanzu. Mbona picha iliyo juu ya cherehani si ya bibi yako?

MkasiNaChaki

Kaka, swali lako nimelala nalo. Jibu langu ni kwamba bibi yangu ndiye aliyenifanya nimwelewe Balenciaga. Bibi alikuwa akijifunga leso mbili bila pini wala mshono, akatoka, na watu wakageuka. Leso haikatwi umbo, hupindwa tu, na kazi yote hufanywa na kitambaa na mwili. Nilipoliona gauni la 1967 sikuona jambo la Kizungu, niliona jambo la bibi. Sijui kulieleza zaidi ya hapo. Na picha ya bibi naitafuta, ipo kwa ami.

BintiTanga

Na wa kwetu huko Paris wapo. Imane Ayissi wa Kameruni aliingia kwenye ratiba rasmi ya haute couture, yaani nguo za hali ya juu zinazoshonwa kwa kipimo cha mteja, Januari 2020, wa kwanza kutoka Afrika kusini mwa Sahara. Anatumia rafia, kente, na kitambaa cha gome la mti. Vitenge vya waksi hatumii kabisa, kwa sababu asili yake si Afrika. Mtazameni.

NilivaaMwakaJana

Mimi si fundi, ni niliyevalishwa. Gauni langu la kupamba lilikuwa la mawe, tena mazito. Nilikaa jukwaani saa tatu na joto la Mombasa mnalijua. Shingo ilichubuka. Nilipovuliwa mgongo ulikuwa na alama. Picha ni nzuri, sikatai, ila mimi mwenyewe siku ile siikumbuki, nakumbuka kuwashwa. Kitambaa chochote utakachochagua, tia bitana ya pamba nyepesi. Polista tupu juu ya ngozi hapa kwetu ni adhabu.

Na mama mtu usimlaumu. Mamangu alitaka mawe kwa sababu yeye aliolewa kwa haraka na gauni la kuazima. Muulize huyo mama alivaa nini siku yake.

FundiBondeni

Neno la huyu binti lina uzito. Muulize.

Na kitambaa: jaribu tafeta nzito, au oganza ya hariri tabaka mbili zilizopigwa bandi pamoja. Popote utakapokata mshazari, litundike gauni usiku kucha kabla ya kupima upindo, maana mshazari hushuka. Ukipinda mapema, siku ya harusi chini kutakuwa na mawimbi.

NiliishiLondon

Kama unaogopa kuharibu, soma habari za Ann Lowe, Mmarekani mweusi aliyeshona gauni la Jacqueline Bouvier alipoolewa mwaka 1953 na John Kennedy, aliyekuja kuwa rais wa Marekani. Mamake na bibi yake walikuwa washonaji. Siku kumi kabla ya harusi maji yaliingia karakanani, yakaliharibu gauni la bi harusi na mengi ya wasimamizi wake. Alinunua vitambaa upya kwa pesa zake, akashona yote tena, akayafikisha kwa wakati. Na miaka ile jina lake hata halikutajwa kama lilivyostahili. Kila nikisoma habari zake nasimamisha kazi kidogo.

MkasiNaChaki

Ndugu zangu, nimerudi. Imepita wiki.

Nilimwendea mama wa bi harusi nyumbani kwake na mahamri ya shangazi, nikamuuliza swali mlilonipa. Alinyamaza kitambo. Akaingia ndani akatoka na leso moja, jina lake limefifia halisomeki, akasema hii ndiyo aliyofunikwa nayo. Gauni hakuwa nalo kabisa. Tulikaa mpaka adhuhuri. Hakusema ameacha mawe. Alisema, "Nionyeshe kwanza, ndipo nitakwambia."

Tafeta ya rangi ya maziwa nimeipata, mita tisa, nimelipia nusu kutoka kwenye arbuni. Bado haijaguswa na mkasi.

Jana nilikata amerikani. Badani nilizipata mapema, lakini mabega yalinishinda. Mkono wa kushoto niliufumua mara nne. Mara ya tano shangazi, ambaye siku zote hizi alikuwa akisema nimepotea na mapicha yangu, aliweka kikombe chake chini, akachukua chaki, akachora taharizi mbili ubavuni bila kupima. Akashusha kikwapa inchi moja. Akaniambia, "Shona." Nikashona. Sanamu ilipovishwa gauni likasimama.

Si gauni la mwaka 1967. Kofia nimeiacha, badala yake nimekata mtandio mpana wa tafeta ileile utakaokaa kichwani bila pini, kama bibi alivyokuwa akikaza leso. Kwenye pindo la mkono wa gauni nataka kuweka kazija ya uzi mweupe, upana wa vidole viwili, mtu asiione mpaka asogee kumpa bi harusi mkono. FundiBondeni, kama una muda, nitahitaji mtu wa kunionyesha kazija iliyo sawasawa.

Kesho baada ya alasiri bi harusi anakuja kujaribu la amerikani. Mama yake amesema naye atakuja.

FundiBondeni

Njoo Jumamosi asubuhi, kabla jua halijawa kali. Uje na uzi wako na yule shangazi.