Mshokishoki wa mbegu tangu 2017, maua tele lakini hautungi hata tunda moja. Niung'oe?

BintiBamburi

Salaam aleikum ndugu zangu. Naomba mnisaidie kabla sijafanya kitu nikaja kujuta. Januari 2017 mamangu alienda harusini Unguja akarudi na kapu zima la mashokishoki, tukakaa barazani tukayala mpaka vidole vikanata, nami siku ileile nikachukua mbegu kumi hivi nikazitia kwenye vikopo vya maziwa, zikaota sita, tano zikafa moja moja na mmoja ndio huu ulioko nyuma ya nyumba karibu na kisima. Sasa umepita dirisha.

Shida ni mbili. Majani machanga yanatoka ya njano lakini mishipa yake ni kijani, yaani unaweza kuihesabu mmoja mmoja, na majani makubwa ncha zake zimekauka kahawia kama zimepitishwa motoni. Ya pili, huu msimu wa pili unatoa maua, tena mengi, nyuki wamejaa mpaka unawasikia ukiwa jikoni, alafu baada ya wiki mbili tatu nikifagia asubuhi naona yote yako chini. Hakuna hata kimoja kilichoshika.

Nimetia samadi ya mbuzi, nimetia mbolea ya duka, namwagilia kila jioni maji ya kisima (yana uchumvi kidogo lakini tumeyazoea). Kinachonichanganya ni kuwa mstafeli na mtopetope ziko hatua kumi tu kutoka hapo na zimenawiri. Ndugu zangu wanataka ukatwe wajenge chumba cha kupangisha, na mamangu kila msimu ananiuliza vipi mti wetu, sina la kumjibu. Niung'oe ama kuna dawa? Na nikiung'oa, nipande tunda gani lisilokuwa la kawaida ambalo litakubali mawe haya ya Bamburi?

Kaka_Likoni

Pole dada. Mimi ningeung'oa. Huku pwani karibu na bahari shokishoki ni kujitesa tu, nilipanda miwili hapa Likoni upepo wa kaskazi ukaikausha yote kabla haijafika kiunoni. Panda mnazi ama mwembe uishi kwa amani.

FundiMiche_Kwale

Jamani ngojeni kwanza, mti wa miaka yote hiyo haukatwi hivihivi. Dada, mimi nafanya kazi ya miche huku Kwale na hilo la maua kupukutika naulizwa kila mwaka, kwa hivyo nisome mpaka mwisho.

Mpapai dume unaujua si ndio? Basi mshokishoki wa mbegu nao ni kamari hiyohiyo, karibu nusu ya miche inayotoka kwa mbegu huwa madume, na dume litachanua mpaka uzee wake lisikupe tunda. Kwa hivyo kabla ya mbolea, kabla ya panga, nenda kaangalie ua. Toka asubuhi chukua kishada kimoja, vunja kijiua ambacho kimefunguka, ni kidogo kama kichwa cha njiti ya kibiriti, kiweke kwenye kiganja ukitazame kwa simu ukivute picha karibu. Ukiona katikati kuna kijidonge cha kijani chenye vinywele, kimegawanyika mara mbili, na juu yake kiuzi kimepasuka kikajikunja huku na huku kama masharubu, huo una sehemu ya kike, unaweza kuzaa. Ukiona ni vijiti vitano sita saba vyenye unga wa njano kichwani na katikati hakuna kitu, hilo ni dume. Angalia vishada vya pande tofauti, usitosheke na ua moja.

Majani ya njano ni kesi nyingine kabisa, usiichanganye na hii. Hiyo ni njaa ya madini ya chuma. Chuma kipo ardhini lakini chokaa ya mawe ya matumbawe inakifungia, mti unakiona haukifikii. Mshokishoki kwao ni udongo wenye uchachu, na wako ni kinyume chake. Ndio maana huku Shimba Hills inakubali, huku kwetu ni mchanga na changarawe si matumbawe. Mtopetope na mstafeli hazina maringo hayo. Ukitaka kuhakikisha chukua konzi ya udongo mkavu chini ya mti, itie kwenye kikombe, mwagia siki. Ukisikia inachemka na povu linapanda, ni chokaa hiyo.

BintiBamburi

FundiMiche nimefanya la siki sasa hivi, sikungoja hata kumaliza kupika. Imechemka kama soda mpya, povu limepanda mpaka mdomo wa kikombe! Kwa hivyo samadi yote ile nilikuwa namwaga bure? Maua ntaangalia kesho asubuhi inshallah.

FundiMiche_Kwale

Si bure, samadi inalainisha ardhi na kushika maji, endelea nayo ikiwa imeoza vizuri. Lakini haitafungua chuma peke yake. Nenda agroveti uulize chuma ya unga, ile ya EDDHA, uitaje hivyo kwa herufi, maana ukiomba chuma tu watakupa ya EDTA ambayo kwenye udongo wa chokaa haifui dafu. Ile ya EDDHA ukiikoroga maji yanakuwa mekundu mazito kama rangi ya ubuyu. Mwagia kwenye mizizi jioni, usinyunyizie majani, na ufuate kipimo cha kwenye pakiti. Na mtu asikudanganye utie salfa kupunguza chokaa. Kwenye shamba lenye chokaa kidogo inasaidia, lakini wewe umekaa juu ya mwamba wenyewe, utatia salfa mpaka ufilisike na mwamba uko palepale.

Bibi_wa_Kibokoni

Mwanangu BintiBamburi, mimi ni mtu mzima, naishi Mji wa Kale, bustani yangu yote iko juu ya dari kwenye mapipa, mbirimbi, mkomamanga, mdimu na mshokishoki mmoja nilioletewa. Nimekusoma hapo juu ukasema maji ya kisima yana uchumvi kidogo mumeyazoea. Nyinyi mumeyazoea, mti haukuyazoea. Zile ncha zilizoungua ni chumvi hiyo, kila jioni unaumwagia chumvi mizizini, jua likipiga maji yanaondoka chumvi inabaki.

Mimi natumia maji ya mvua, masika najaza mapipa mawili, na yakiisha nakinga maji ya esi, hii mashine ya kupoza hewa. Wanangu wana esi vyumbani, ule mpira unaodondosha maji nje nimeutilia ndoo, usiku mmoja wa joto la kaskazi napata ndoo nzima na maji yale hayana chumvi hata chembe. Nilipoanza hivyo majani mapya yalitoka na ncha zake nzima, nikamshukuru Mungu. Funika na chini ya mti, majani makavu, makumbi ya nazi, chochote, udongo usipigwe na jua.

BintiBamburi

Shikamoo bibi. Hilo la esi sikuwahi kulifikiria kabisa, na jirani yangu ana esi tatu maji yanamwagika ukutani tu bure. Ntamuomba leo leo.

Bibi_wa_Kibokoni

Marahaba mwanangu. Muombe, na mti ukizaa umpelekee chano.

Mzee_wa_Mtwapa

Naomba niongeze kuhusu swali la tunda lingine la kupanda, maana wote mumelipita. Binti, panda mchiku. Watu wengi wanajua chiku zile za kununua sokoni zilizovunwa mbichi zikaivishwa kwenye gunia, wanauma mara moja ulimi unakaza wanaapa hawarudii. Chiku ya mtini ni kitu chengine. Unakwangua ganda kidogo kwa ukucha, ukiona kijani chini yake unaiacha, ukiona rangi ya kahawia ya manjano unaichuma, unaiweka ndani siku kadhaa mpaka ibonyee kama sikio. Ukiipasua nyama yake ni chengachenga kama sukari guru iliyolowa, na harufu ya asali iliyopata moto. Na mti wenyewe hauogopi chokaa wala upepo wa chumvi. Nunua mche wa kupandikizwa, wa mbegu utakungojesha miaka mingi.

Na mawe yasikutishe. Yule mtaalamu wa kilimo Mswisi, René Haller, alipoanza kupanda miti 1971 kwenye machimbo ya saruji hapohapo Bamburi palikuwa jangwa jeupe la matumbawe, mivinje ndiyo iliyoshika, na majani yake hayakuoza mpaka walipoletwa majongoo wakayala na kuyafanya udongo. Leo watu wanaenda kutembea pale kama msitu. Kwa hivyo ukimuona jongoo chini ya mti wako usimuue, tafadhali.

Shoga_wa_Mikindani

Samahani naingilia, mie nina mtopetope maua mengi matunda matatu kwa mwaka. Nao una dume?

FundiMiche_Kwale

Hapana, ua la mtopetope lina vyote viwili ila havikutani kwa wakati. Linaanza kuwa jike, linafunguka nusu, likishapita hapo ndipo linatoa unga. Na wadudu wake ni vimbawakawa vidogo, nyuki hasaidii. Jioni chukua unga kwa brashi ndogo ya rangi kutoka maua yaliyofunguka kabisa, uuweke kwenye kikopo, asubuhi mapema uingize brashi kwenye yale yaliyofunguka nusu. Ua moja moja, ni kazi ya robo saa. Utahesabu matunda mwaka huu.

BintiBamburi

Nimerudi. Nimeamka alfajiri nikachuma vishada vinne pande zote, nimekaa navyo kwenye ngazi na simu. Yote ni vijiti na unga. Hakuna kijidonge hata kimoja. Ni dume. Nimekaa pale kwa muda mrefu sana, sijui hata mama ntamwambia nini.

FundiMiche_Kwale

Pole sana dada, lakini usilie, kwa sababu hapo ndipo kazi yangu inapoanza. Shina lako lina mizizi ambayo imejipenyeza kwenye mawe miaka yote hiyo, hiyo ni mali. Tunachobadilisha ni kichwa. Tunakata matawi kadhaa, yakichipua upya tunabandika macho kutoka mti unaozaa, tunafunga na ukanda wa plastiki, wiki tatu hivi tunafungua kutazama. Na tawi moja la dume tunaliacha, unga wake utasaidia.

Ila sharti langu moja, uje mwenyewe uonje kabla hatujakata macho. Kuna miti miwili hapa jirani yote inazaa. Mmoja matunda makubwa mekundu ya kupendeza picha, lakini nyama imeng'ang'ania kokwa, unatafuna na lile ganda lake kama karatasi. Wa pili matunda madogo ya manjano, nyama inaachia kokwa safi, na kuna uchachu kidogo mwishoni. Chagua kwa mdomo, usichague kwa macho.

BintiBamburi

Wandugu, nimechelewa kuleta habari, ni miezi mingi. Msimu wa matunda nilienda Kwale na mamangu. Alikula ule mwekundu mmoja tu, akaweka chini. Ule wa manjano alikula saba bila kusema neno alafu akaniambia huu ndio ule wa harusini. Tukarudi na vijiti vya macho tumevifunga kwa kitambaa kibichi ndani ya jani la mgomba, fundi akaja nasi akayabandika siku ileile. Macho matano, matatu yamekauka, mawili yameshika, moja limefungua vijani viwili, vyekundu bado, na ncha zake ni nzima. Ndoo ya esi ya jirani naifuata kila asubuhi. Ndugu zangu wamehamisha ramani ya chumba upande wa geti.

Kaka_Likoni

Mashaallah dada. FundiMiche, una miche ya mchiku hapo kwako? Nataka miwili.