Kaka yangu amepona, lakini wateja wanazungumza nami badala yake

Dada wa Tandika:
Habari za leo, ndugu zangu. Kaka yangu ni fundi cherehani. Mwaka jana alianza kusikia sauti na kukosa usingizi, tukampeleka kwanza kwa mganga, kisha hospitali, ambako tuliambiwa kuwa ni skizofrenia, yaani ugonjwa wa akili. Sasa anatumia dawa na anashona kama zamani. Juzi mama mmoja aliyezoea kumletea vitenge alinikabidhi mimi kitambaa na kuniuliza, kaka akiwa amesimama mbele yetu na futi shingoni, "Siku hizi anaweza kukata?" Akipandisha sauti kidogo, hata kwa sababu umeme umekatika gauni likiwa nusu, majirani huninong'oneza kwamba imemrudia. Je, niwaeleze wateja habari za ugonjwa wake, au ninyamaze?

Mpangaji wa Mbagala:
Pole sana, dada. Mimi pia ninaishi na ugonjwa wa akili, na kilichoniumiza kuliko kuitwa chizi ni kunyimwa haki ya kukasirika. Mwenye nyumba aliponidai kodi ya miezi niliyokwisha kuilipa, nami nikabisha, aliwaambia wapangaji wenzangu kwamba nimeacha dawa, na hakuna aliyeitazama risiti niliyokuwa nimeishika mkononi. Usimweleze mtu lolote kabla hujamwuliza kaka yako, kwa kuwa siri ni yake. Mteja akikugeukia wewe, mjibu: "Fundi ni huyu, mwulize."

Muuguzi mstaafu:
Ninaongeza jambo moja. Mikono ikitetemeka au mwendo ukiwa mzito, watu hudhani ni wazimu uliobaki, kumbe mara nyingi ni dawa, hasa zile za zamani kama haloperidoli, na daktari anaweza kupunguza kipimo au kuibadilisha. Asiiache mwenyewe kwa aibu. Nimewapokea wengi waliorudi wodini kwa sababu hiyo. Inanisikitisha kwamba hata jina la Mirembe, hospitali ya Dodoma ambako watu hutibiwa na kurudi makwao, tumeligeuza kuwa tusi. Kuhusu kunyamaza, ninatofautiana kidogo na mwenzangu: habari imeshaenea mtaani, hivyo kaka akiridhia, mzungumze na mteja mmoja anayeheshimika, maana akiendelea kushona hapo wengine watamfuata.

Dada wa Tandika:
Asanteni sana. Nimemwuliza jana usiku. Amesema nisimweleze mtu, ila yule mama akirudi nitoke nje, ampime yeye mwenyewe.