Naomba ushauri: nyuki mweusi mwenye madoa ya samawati huku Kahawa West, niripoti wapi?

MamaKivumbasi

Hamjambo wadau. Nyuma ya ploti tunayopanga kuna ukingo wa udongo, na hapo anakuja nyuki ambaye sijamwona popote pengine, ijapokuwa wadudu nimewaangalia miaka mingi. Ni mweusi tititi, mdogo kuliko wale weusi wakubwa wanaotoboa mbao za paa. Mwilini ana madoa ya samawati yanayong'aa kwenye jua. Si mistari, ni madoa, yamepangika pande zote mbili za tumbo. Hukaa kidogo kwenye kivumbasi changu, kisha hushuka ukingoni na kuruka polepole karibu na ardhi, akichungulia mashimo shimo baada ya shimo. Mashimo yenyewe ni ya nyuki wengine, wenye mistari ya samawati, ambao hawatulii na wana mvumo mkali.

Picha ninazo, nimeziweka hapa. Ya mgongo imetoka vizuri, zilizobaki zina ukungu. Kwenye kikundi chetu cha kutembea Karura na Arboretum tumeshindwa kuelewana. Mmoja anasema ni nzi anayefanana na nyuki. Mwingine anasisitiza nimkamate nimtie kwenye spiriti, eti bila mwili wake hakuna mtaalamu atakayeniamini. Na msimamizi wa ploti ameshanunua dawa ya kupuliza, tena anataka ukingo wote upigwe saruji kwa kuwa watoto hucheza hapo.

Naombeni mnisaidie: huyu ni nani, nimripoti wapi ili taarifa ifae, na msimamizi nimwambie nini kabla hajaanza kupuliza?

Mabawa4

Dada, nzi ana mabawa mawili, nyuki ana manne. Kwenye picha mabawa hulaliana, ni vigumu kuyahesabu, kwa hiyo tazama vipapasio. Nzi wanaofanana na nyuki wana vipapasio vifupi sana. Wa kwako ni virefu na vimejikunja katikati. Huyo ni nyuki.

MwalimuKasarani

Nimeikuza picha ya mgongo. Tazama pale kifua kinapoishia, juu ya kiungo cha tumbo: kuna kigao bapa kilichotokeza nyuma, na ukingo wake una pengo katikati. Kigao hicho, pamoja na madoa ya vinywele vifupi vilivyolala, vinanionyesha jenasi (yaani kundi la spishi za karibu) ya Thyreus. Hongera sana, si kila mtu humpata, maana kwa kawaida huwa wachache kuliko nyuki wanaowategemea.

Huyu hachimbi shimo wala hakusanyi chavua. Jike, kama ndege kekeo, hutaga kwenye kiota cha mwingine. Hao wenye mistari naona ni Amegilla, na ndio wenyeji wake. Buu la Thyreus huua yai au buu la mwenye nyumba, kisha hula akiba yote ya chavua na mbochi iliyowekwa humo. Ndiyo maana anachungulia mashimo.

Jina la spishi usilikimbilie. Za Afrika zinafanana mno na hutenganishwa kwa umbo la kigao na mpangilio wa madoa. Andika "Thyreus" uishie hapo. Rekodi ya jenasi iliyo sahihi inafaa kuliko jina kamili la kubahatisha, kwa sababu jina la kubahatisha likishaigwa na wengine kulifuta ni kazi.

Juma wa Shamba

Samahani mwalimu, kama anaua watoto wa wenzake, si afadhali adhibitiwe? Hao wenye mistari ndio wanaonitikisia maua ya nyanya.

MwalimuKasarani

Ni kweli ndugu yangu, Amegilla hutetemesha ua mpaka chavua ikamwagika, na nyanya hufaidika sana. Lakini Thyreus hawezi kuishi pasipo wenyeji wa kutosha. Ukimwona, jua kwamba Amegilla wapo na wanazaa. Dawa ingewaua wote pamoja, na hasara ingefika shambani kwako.

Mtembezi_Jumatano

Kuhusu kuripoti: weka picha kwenye iNaturalist, tovuti ambako watu huweka picha za viumbe na wengine huwatambua, zote za nyuki mmoja katika rekodi moja, pamoja na tarehe, mahali na ua alilokuwapo. Wale wenye mistari wawekee rekodi yao. Watambuzi wakikubaliana juu ya spishi, rekodi hupanda daraja la utafiti na inaweza kupelekwa GBIF, hazina ya data ambayo wanasayansi hutumia. Hata ikiishia kwenye jenasi inaweza kupanda, watambuzi wakithibitisha kwamba picha haziwezi kutoa zaidi. Kwa kuwa ni nyumbani kwako, chagua kuficha mahali, ramani itaonyesha eneo pana tu.

Spiriti achana nayo. Kukusanya wanyamapori kwa utafiti kunahitaji kibali, na huna haja ya kumuua. Peleka picha Makumbusho ya Taifa, kwenye idara ya wadudu, au waulize icipe, kituo cha utafiti wa wadudu huko Kasarani. Nature Kenya nao, chama cha wapenda mazingira cha tangu 1909, wana matembezi ya ndege kila Jumatano asubuhi kuanzia Makumbusho. Njoo na picha zako.

Ukitaka picha safi, toka alfajiri kukiwa na baridi. Nyuki hawa hulala wakiwa wameuma kijiti kwa taya, miguu ikining'inia, na hawaruki mpaka wapate joto. Piga mgongo, ubavu, uso na miguu ya nyuma.

Mama Ploti 14

Msimamizi mwambie hivi: hawa si nyuki wa mzinga. Kila jike ana shimo lake, hakuna kundi la kulinda asali, na hawamvamii mtu anayepita. Wanaweza kuuma wakishikwa au kukanyagwa, basi. Kwetu tuliweka kamba na mawe kando ya ukingo, watoto wakahamia upande wa pili. Kamba ni rahisi kuliko saruji, na hilo mwenye ploti atalielewa haraka.

MamaKivumbasi

Asanteni sana, Mungu awabariki. Msimamizi amekubali kuiweka dawa kando hadi mwenye ploti aje mwisho wa mwezi. Rekodi ya Thyreus nimeshaiweka, nimeishia kwenye jenasi. Nimebakisha wale wenye mistari: je, picha ya jike akiingia shimoni inatosha, au lazima nimpate kwenye ua?

MwalimuKasarani

Ya shimoni weka, inaonyesha kiota. Ya ubavu akiwa kwenye ua iongeze ukiipata, mistari ya tumbo isomeke vizuri.